Mtungi Ulioishia kwenye Foleni: Uchambuzi wa Safari ya Mgonjwa Mmoja kutoka Wodini hadi Eksirei

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa, hapa Tanzania, asubuhi ya siku ya kazi ya kawaida. Mgonjwa, mzee wa miaka sitini na ushee aliyelazwa wodi ya wanaume kwa nimonia kali, alipelekwa idara ya mionzi kupigwa picha ya kifua, na mtungi wa oksijeni aliosafiri nao ukaisha akiwa bado kwenye foleni. Mhudumu wa afya aliyekuwa akisukuma machela aliiacha foleni na kumkimbiza idara ya dharura, ambako mzee alipewa oksijeni na kutulia. Siku kadhaa baadaye aliruhusiwa kurudi nyumbani, na katika hospitali nyingi hilo lingetosha kukifunga kisa. Hakikufungwa kwa sababu idara ya dharura ililalamika kwa maandishi kwamba imeletewa mgonjwa wa wodini bila taarifa, na malalamiko hayo yakazaa uchunguzi ambao mimi, nikiwa afisa muuguzi mwenye dhamana ya wahudumu, niliteuliwa kushiriki. Majina na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu au hospitali nimeziacha.

Kwanza ieleweke ni nani anayesukuma machela. Katika hospitali kubwa za Uingereza na Marekani wapo watumishi ambao kazi yao ni hiyo tu, kuhamisha wagonjwa kutoka sehemu moja hadi nyingine, na wana chumba chao, msimamizi wao na utaratibu wa kupokea maombi kwa simu au kwa kompyuta. Kwetu kazi hiyo imo ndani ya kapu la mhudumu wa afya, ambaye asubuhi hiyo hiyo anatarajiwa kubadilisha mashuka, kupeleka sampuli maabara, kumsaidia mgonjwa kuoga na, ikibidi, kusindikiza maiti hadi chumba cha kuhifadhia. Yeye si muuguzi mwenye leseni, haruhusiwi kuanzisha wala kubadilisha matibabu, na hakuna anayemtaka asome jalada la mgonjwa. Anapokosekana, ndugu wa mgonjwa ndio wanaosukuma. Kwa hiyo safari za ndani ya hospitali, ambazo ni nyingi kuliko upasuaji na pengine kuliko raundi za madaktari, hazina mwenyewe: daktari anaandika fomu, muuguzi anamwita mhudumu, idara ya mionzi inangoja, na kipindi cha katikati, pale mgonjwa anapokuwa kwenye korido, hakimo katika majukumu ya mtu yeyote.

Mzee wetu alikuwa kitandani akivuta oksijeni kwa mipira ya puani, lita 5 kwa dakika, kutoka kwenye ile mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani. Kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu, kilikuwa kikisoma asilimia 92. Daktari alihisi kwamba maji yamejaa upande wa kulia wa kifua, akaagiza picha, na juu ya fomu akaandika neno «haraka». Mashine ya eksirei ya kusogezwa hadi kitandani haikuwepo, hivyo ilibidi mgonjwa aende. Wodi ilikuwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa zaidi ya thelathini, na mmoja wao alikuwa amebanwa na mgonjwa aliyekuwa akitapika damu. Aliyebaki alimwita mhudumu kwa maneno ambayo wote wawili waliyakumbuka vilevile walipohojiwa kila mmoja peke yake: «Kaka, mpeleke huyu baba eksirei, daktari anaingoja picha. Mtungi upo hapo nyuma ya mlango.»

Mtungi ulikuwepo kweli. Ulikuwa ule wa kubebeka, mweusi wenye mabega meupe, wa ukubwa unaoitwa E, ambao ukijaa hubeba lita 680 za oksijeni kwa mgandamizo wa takriban bar 137. Spana yake ya kufungulia ilikuwa imefungwa kwa bandeji kwenye shingo ya regulata, kile kifaa cha kudhibiti oksijeni inayotoka mtungini, kwa sababu spana zisizofungwa hupotea wiki moja baada ya kununuliwa. Muuguzi aliufungua saa 4:08 asubuhi, na geji ikasoma bar 50. Wote wawili waliiangalia. Hili nalisisitiza kwa sababu tetesi zilizozagaa hospitalini baadaye zilidai kwamba mhudumu aliondoka na mtungi bila kuutazama. Aliutazama, muuguzi naye aliutazama, na wote wakaona mshale ukiwa karibu theluthi ya njia, mbali na sehemu nyekundu, wakaridhika.

Kilichofuata ndicho kiini cha kisa, ingawa wakati ule kilionekana jambo dogo. Mipira ya puani aliyokuwa nayo mzee ilikuwa imeunganishwa na mashine, na ncha yake haikuingia vizuri kwenye mdomo wa regulata ya mtungi. Katika kabati la wodi hapakuwa na mipira mingine ya mtu mzima, bali kulikuwa na barakoa yenye mfuko wa akiba, ile inayofunika pua na mdomo na kuning'iniza mfuko wa plastiki chini ya kidevu. Muuguzi akaivalisha. Barakoa ya aina hiyo haifanyi kazi kwa lita 5, kwa kuwa mfuko wake lazima ubaki umejaa mgonjwa anapovuta pumzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima huipangia lita 10 hadi 15 kwa dakika, wakati mipira ya puani huishia lita 5. Muuguzi alijua hivyo, akaweka lita 10. Kitabibu hakukosea, na tena mgonjwa aliyekuwa kwenye asilimia 92 alipanda hadi 96 kabla machela haijatoka mlangoni, jambo lililowapa wote moyo. Lakini kwa kubadilisha kifaa alikuwa amekata maisha ya mtungi nusu kwa nusu, na hakuna aliyelitamka hilo kwa sauti.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Mtungi wa ukubwa wa E una nafasi ya ndani ya karibu lita 5, hivyo kila bar moja kwenye geji ni takriban lita 5 za oksijeni. Bar 50 ni lita 250. Kwa mtiririko wa lita 5 kwa dakika, lita 250 zinadumu dakika 50. Kwa mtiririko wa lita 10, dakika 25. Mtungi uliofunguliwa saa 4:08 ukitoa lita 10 ulikuwa na miadi ya kuisha saa 4:33, na miadi hiyo ilikuwa imeshawekwa kabla magurudumu hayajazunguka hata mara moja. Tulipomuuliza muuguzi alitegemea safari ingechukua muda gani, alijibu: «Kwenda na kurudi, dakika kumi na tano, ishirini.» Jibu hilo lina mantiki kwa mtu anayeifikiria safari kama mwendo. Mhudumu, aliyeulizwa swali hilohilo, alijibu tofauti: «Kwenda dakika nane. Kungoja, inategemea. Saa nyingine nusu saa, saa nyingine hata saa nzima.» Kwa maoni yangu majibu haya mawili yalibeba uchunguzi wote. Aliyejua muda halisi wa safari hakujua kugeuza bar kuwa dakika, na aliyejua kugeuza bar kuwa dakika hakujua muda halisi wa safari. Walisimama pande mbili za machela moja, umbali wa hatua mbili, na hapakuwa na utaratibu wowote wa kuwafanya waulizane.

Njiani hapakutokea la kusimulia sana. Lifti ilikuwa mbovu, wakashuka kwa njia ya mteremko, miguu mbele ili kichwa kibaki juu, na kwa kuwa mgongo wa machela haukuwa ukishika, mhudumu alikuwa ameuegemeza kwa mablanketi mawili yaliyokunjwa ili mzee akae nusu wima, mkao ambao mtu mwenye shida ya kupumua anauhitaji. Binti wa mgonjwa alitembea pembeni akibeba jalada na chupa ya maji. Katika kushuka huko mhudumu alimwambia jambo ambalo hakuna mwongozo wowote uliomtaka aliseme: «Dada, mimi naangalia mbele. Wewe niangalizie huu mfuko wa baba. Ukiuona umesinyaa, niambie papo hapo.»

Walifika mionzi saa 4:18. Chumbani kulikuwa na mgonjwa mmoja, na kwenye benchi wengine kadhaa wenye fomu mikononi, wengi wao wakitembea kwa miguu yao. Fomu zilikuwa zikiitwa kwa mpangilio wa namba za malipo, na ya mzee ilikuwa haijalipiwa. Binti akaenda dirishani. Muda mfupi baadaye umeme ukakatika. Jenereta iliwaka baada ya dakika chache kama kawaida, lakini kompyuta ya eksirei ilibidi iwashwe upya na mtambo usubiriwe, na mfumo wa malipo nao ukawa umelala. Tulimhoji mtaalamu wa mionzi. Hakuwa mtu wa kupuuza wagonjwa, ila alisema kwa uwazi kwamba hakujua kuwa mgonjwa wa kwenye machela alikuwa akiishi kwa mtungi wenye dakika za kuhesabika. Alimwona amevaa barakoa, mfuko umejaa, ndugu yupo, mhudumu yupo, akaona ametulia kuliko mama mmoja aliyekuwa akilia kwa mkono uliovunjika. Neno «haraka» kwenye fomu halikumsaidia, kwa sababu karibu kila fomu inayomfikia imeandikwa hivyo.

Saa ya tukio lenyewe tuliipata kwenye simu ya binti. Alikuwa amerudi kutoka dirishani na kumpigia kaka yake amtumie fedha, na rekodi ya simu inaonyesha mazungumzo hayo yalikatwa ghafla saa 4:32. Aliyakata alipoona mfuko wa plastiki umelala bapa kifuani kwa baba yake, kuta zake zimegusana, na kila mzee alipovuta pumzi barakoa ikijikaza usoni. Mhudumu alidhani kwanza kwamba mtungi umejifunga kwa mtikisiko wa njiani, akaishika spana na kuizungusha, akapoteza karibu dakika moja hapo. Kisha akaitazama geji, na mshale ulikuwa sifuri.

Alichofanya baada ya hapo kilimletea lawama kubwa kuliko kitu kingine chochote. Aliivua barakoa. Watu wa kwenye benchi waliokuwa wakishuhudia walipiga kelele, na mmoja wao alikwenda kueleza ofisini kwamba ameona kwa macho yake mfanyakazi «akimnyang'anya mgonjwa oksijeni». Hata mjumbe mmoja wa timu yetu, mtu mwenye elimu nzuri, aliuliza kwa nini hakumwachia japo kilichobaki. Jibu ni kwamba hakikubaki kitu, na kwamba barakoa yenye mfuko isiyopokea mtiririko inamdhuru mgonjwa. Vilango vyake vidogo vya mpira vimetengenezwa kuzuia hewa ya nje isiingie ili mgonjwa avute oksijeni ya mfukoni. Mfuko ukiwa mtupu, anabaki anavuta kutoka kwenye chombo kisicho na kitu. Hewa ya kawaida ya koridoni, yenye oksijeni asilimia 21, ilikuwa bora kuliko plastiki iliyokuwa imembana. Mhudumu hakuweza kutueleza hayo kwa lugha ya kitaalamu. Alisema aliona baba anahangaika nayo na akaona inamzuia. Ni haki kusema kwamba macho yake yaliona sawasawa kuliko wengi waliosoma.

Kisha ikaja njia panda. Kurudi wodini kulimaanisha kupanda mteremko kwa dakika zisizopungua nane, pengine kumi, akiwa peke yake na binti, mgonjwa akiwa hana oksijeni. Idara ya dharura ilikuwa ng'ambo ya ua, dakika mbili au tatu, na ina oksijeni ya ukutani katika kila kitanda. Tatizo ni kwamba katika hospitali ile upo utaratibu wa maandishi: mgonjwa aliyekwisha kulazwa harudishwi dharura bila daktari wa wodi kuwasiliana na daktari wa zamu wa dharura. Utaratibu huo una sababu zake nzuri, kwani zamani wodi zilikuwa zikitupa wagonjwa wao wagumu huko nyakati za usiku. Mhudumu aliufahamu. Alimwambia binti ashike upande wa miguu, wakakata ua, na saa 4:36 wakaingia. Muuguzi wa mlangoni aliuliza karatasi ya rufaa. Aliyekuwa ndani, mwenye umri mkubwa zaidi, alimtazama mzee, akamvuta kitanda cha kwanza na kumwunganisha na ukuta kwa lita 15 kabla ya kuuliza lolote. Kipimo cha kidoleni kilisoma 76. Baada ya dakika chache kikawa 93.

Timu yetu ilianza kazi kwa mwelekeo ambao kila aliyewahi kukaa kwenye kamati za namna hii anaujua. Rasimu ya kwanza ya hitimisho, iliyoandikwa kabla ya mahojiano kukamilika, ilisema chanzo ni «uzembe wa mhudumu kutofuatilia mtungi». Iliandikwa haraka kwa sababu ilikuwa rahisi kutekelezeka: mtu mmoja, barua moja, semina moja. Nilipinga, na bado napinga. Mtumishi ambaye hajawahi kufundishwa kwamba bar 50 ni dakika 25 hawezi kuitwa mzembe kwa kutolijua. Sehemu nyekundu ya geji, ambayo ndiyo mafunzo pekee aliyopewa, haisemi chochote kuhusu muda. Bar 50 zilezile zinamtosha kwa zaidi ya saa mbili mtoto anayetumia lita 2, na kwa mtu mzima anayetumia lita 15 zinaisha ndani ya dakika 17. Rangi ya geji haibadiliki.

Hata hivyo sikubaliani na waliotaka lawama ihamishiwe kwa muuguzi, ingawa kwenye karatasi hoja yao ilikuwa na nguvu. Ni kweli kwamba mgonjwa wa asilimia 92 akiwa kwenye lita 5 alistahili kusindikizwa na muuguzi, na kwamba mwenye kuweka lita 10 ndiye aliyepaswa kupiga hesabu. Lakini kumsindikiza kungemaanisha kuiacha wodi na muuguzi mmoja aliyekuwa na mgonjwa anayetapika damu. Mtu anaweza kuandika katika mwongozo kwamba kila mgonjwa wa oksijeni asindikizwe na muuguzi, na miongozo kadhaa inasema hivyo, lakini hospitali inayoliandika hilo bila kuongeza wauguzi inajiandalia tu mtu wa kumlaumu safari ijayo.

Lipo pia suala la mtungi wenyewe, na hapa itafaa kwenda mbele kidogo ya korido ile. Mwaka 2021 Tanzania ilipata kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa mkopo wa takriban Sh1.3 trilioni kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na miongoni mwa yaliyofanyika katika kipindi hicho ni kujengwa kwa mitambo ya kuzalisha hewa tiba ya oksijeni katika hospitali mbalimbali. Ni hatua kubwa. Wakati wa wimbi la UVIKO-19 tulikuwa tukituma gari usiku kwenda kujaza mitungi mji mwingine. Sasa oksijeni inatoka uani kwetu. Lakini mtambo hujaza mitungi mikubwa na mabomba ya ukutani, na oksijeni ya kusafiria imebaki yatima. Katika wodi nyingi mitungi midogo ni miwili au mmoja, haina mtu anayeitunza, na hurudishwa nyuma ya mlango na kiasi chochote kilichobaki. Tulipopita wodi zote siku moja wakati wa uchunguzi, tuliikuta mitungi ya kusafiria ikiwa na viwango vya kila namna na karibu yote ikihesabiwa na wenyewe kuwa «ipo». Kuwepo kwa mtungi kulikuwa kumechukua nafasi ya swali la mtungi una nini ndani.

Mabadiliko tuliyoyapendekeza yalijadiliwa kwa muda mrefu, na mengine yalikataliwa kwa sababu za fedha. Lililopita kwa urahisi ni kadi ndogo ya safari inayofungwa kwenye machela, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu naiona ndiyo yenye maana kuliko yote. Awali mjumbe mmoja alipendekeza kadi yenye nafasi za kujaza bar, lita na mtiririko. Mhudumu wetu, ambaye tulimwalika kikaoni baada ya mabishano kidogo, aliitazama rasimu ile na kuuliza: «Sasa hii nikifika pale mionzi nikampa yule fundi, atajua nini?» Swali hilo lilibadilisha kadi yote. Inayotumika sasa ina jina la mgonjwa, namba ya jalada, kifaa anachotumia na mtiririko wake, na chini, kwa tarakimu kubwa, saa. Muuguzi anayefungua mtungi anazidisha bar kwa 5, anagawanya kwa lita za mtiririko, anachukua nusu ya dakika alizopata kama tahadhari, kisha anaandika saa ambayo mgonjwa lazima awe ameunganishwa na chanzo kingine. Kama mtungi ule wa bar 50 ungepigiwa hesabu hiyo, kadi ingesomeka saa 4:20, dakika 2 tu baada ya kufika mionzi, na hakuna muuguzi ambaye angeiandika saa hiyo na bado akamwambia mhudumu aondoke. Angetafuta mtungi mwingine, au mipira ya puani ya kuazima wodi ya jirani, au angempigia mtaalamu wa mionzi kumuuliza foleni ikoje. Saa inasomwa na kila mtu: mhudumu, binti, fundi wa mionzi, hata mgonjwa mwenyewe. Kuzidisha kwa 5 ni kwa mtungi wa ukubwa ule peke yake, na kwa kuwa ndio pekee tunaoutumia kwa safari, tumeichapa hesabu hiyo nyuma ya kadi. Siku tutakayoletewa mitungi ya ukubwa mwingine, kadi itabidi ichapwe upya, na nimeliandika hilo kwenye kumbukumbu za kikao kwa sababu najua litasahaulika.

Idara ya mionzi nayo ilikubali kwamba mgonjwa mwenye kadi anaingia mbele ya wanaotembea, awe amelipa au hajalipa, na malipo yafuatiliwe baadaye. Wahasibu walinung'unika. Vilevile umewekwa pale kwenye korido mtungi mkubwa wa ukubwa wa J, wenye lita 6,800, uliofungwa mnyororo ukutani; kwa mtiririko wa lita 10 unaweza kumhudumia mgonjwa kwa zaidi ya saa 11. Bomba la ukutani lingekuwa bora, lakini gharama zake zilisogezwa hadi bajeti nyingine.

Pendekezo moja halikupata mjadala wa kutosha, nami nadhani lilistahili zaidi. Daktari alitaka kujua kama kuna maji kifuani. Maji ya kifuani huonekana kwa ultrasaundi pale pale kitandani, na hospitali ilikuwa na mashine ndogo ya kubebeka katika wodi ya wazazi. Picha ya eksirei ingehitajika hata hivyo, lakini pengine si saa ile, wala si katika hali ile. Kabla ya kuuliza mgonjwa asafiri na mtungi gani, lilistahili kuulizwa swali la kama ni lazima asafiri.

Kuhusu mhudumu mwenyewe, siku mbili baada ya tukio, kabla timu haijaundwa, alikuwa ameandikiwa barua ya kumtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kukiuka utaratibu wa kupeleka mgonjwa idara ya dharura. Alijibu kwa ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono, akieleza saa, mfuko, geji na umbali, bila kumtaja muuguzi kwa ubaya. Ripoti yetu ilisema kwamba kumwondolea mgonjwa barakoa na kumkimbiza mahali palipo karibu zaidi penye oksijeni ndivyo kila mtumishi anavyopaswa kufanya, na ikapendekeza utaratibu wa dharura uongezewe sentensi inayoruhusu hivyo waziwazi. Sentensi imeongezwa. Barua ingali ndani ya jalada lake la utumishi, kwa kuwa ofisi ya utawala inasema haina kifungu kinachoiruhusu kuondoa barua ambayo ilishajibiwa, na mimi nimeandika kuomba angalau nakala ya ripoti iambatanishwe nayo.